Usiitupe redio ya mzee, nyimbo za simu zitaimba humo

JUMAMOSI jioni, soko la Birongo katika eneo la Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, huwa na sauti nyingi kwa wakati mmoja. Kinyozi anacheza benga. Jirani yake, muuza simu, amefungulia nyimbo za injili. Hatua chache mbele, mama muuza ndizi anasikiliza Egesa FM huku akiwapimia wateja macho.

Ajabu ni kwamba ukiiacha hiyo redio ya mama, hutaona kanda wala santuri popote. Nyimbo zote zimo ndani ya simu, memori kadi au flashi ndogo isiyozidi kidole gumba. Kijana wa kibanda hukuuliza unapenda mseto gani, na kabla hujamaliza kikombe cha chai amekwisha kukupakia nyimbo mia moja.

Sasa msomaji mpendwa, toka sokoni uingie katika nyumba za watu. Katika sebule nyingi utakuta mtambo mkubwa wa muziki umefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Juu ya kitambaa hicho pamewekwa picha ya harusi na maua ya plastiki. Mtambo uliokuwa fahari ya boma zima katika miaka ya themanini na tisini sasa umegeuzwa meza!

Je, kwako mambo ni vivyo hivyo? Basi makala haya ni yako. Mtambo huo haujafa. Unachokosa ni waya mmoja, na nyimbo zilizohifadhiwa vyema. Hili la pili ndilo wengi wetu hulipuuza. Mimi mwenyewe nililipuuza, na nusura nipoteze kitu ambacho hakinunuliki kwa fedha.

Kanda ya nyanya

Baba yangu, ambaye sisi humwita Tata kama ilivyo desturi ya Wagusii, alinunua mtambo wake mwaka wa 1994 alipokuwa akifanya kazi Nakuru. Una amplifaya, mahali pa kanda mbili na spika mbili za mbao zinazofika kiunoni mwa mtoto. Alipostaafu aliurudisha nyumbani Birongo akiwa ameupakata kama mtoto mchanga.

Mwaka wa 1996, wakati wa likizo ya Agosti, Tata alichukua kanda tupu ya dakika 90 na redio ya kunasia sauti, akamketisha mamake sebuleni. Akamwomba asimulie hadithi na aimbe nyimbo walizokuwa wakiimba wasichana wa enzi zake wakisaga wimbi. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Niliketi sakafuni pamoja na binamu zangu, tukicheka na kuitikia.

Magokoro, yaani nyanya yetu, alifariki miaka mingi iliyopita. Kanda ile ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani.

Miaka michache iliyopita niliichukua kanda hiyo nikaipeleka kwenye kibanda kimoja mjini, nikaomba nyimbo hizo zitiwe ndani ya memori kadi. Kijana akaichomeka kanda katika redio ndogo, akaunganisha na tarakilishi yake, nami nikaenda zangu kununua vitu. Niliporudi kazi ilikuwa tayari. Nilisikiliza kidogo kwa simu yangu. Magokoro alikuwa akisimulia. Nikafurahi, nikalipa, nikaondoka. Moyoni nilisema kanda ile kuukuu sasa haina kazi tena.

Desemba hiyo nilifika Birongo na waya niliokuwa nimenunua. Nikaiunganisha simu na mtambo wa Tata, nikafungulia. Jamaa wote walikuwapo. Tata akainamisha kichwa akasikiliza kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu ni nani anayezungumza akiwa ndani ya mtungi?"

Nilitaka kubisha, lakini masikio yangu yalikuwa yakisikia alichosikia. Kupitia spika zile kubwa sauti ya Magokoro ilikuwa nyembamba, tena ina mchirizo kama maji yanayopita ndani ya bomba. Maneno yalisikika, lakini mtu hakuwapo.

Mbona kwa simu alisikika vyema? Swali hilo lilinisumbua, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya.

Simu huficha, spika kubwa hufichua

Spika ya simu ni ndogo kuliko sarafu. Haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Ukicheza humo obokano, kile kinubi cha Wagusii cha nyuzi nane kinachounguruma kama nyuki ndani ya mzinga, utasikia mkwaruzo wa nyuzi tu. Ule mngurumo wenyewe hutausikia kabisa. Vivyo hivyo gitaa la besi katika benga ya marehemu Christopher Monyoncho hugeuka kuwa kitu cha kukisia tu.

Kwa kuwa simu haitoi sauti yote, haikuonyeshi pia kilichopotea. Wimbo mzuri na wimbo mbovu husikika humo karibu sawa. Lakini mtambo mkubwa una spika pana ya sauti nzito na nyingine ndogo ya sauti nyembamba. Huo hukuletea kila kilichomo ndani ya faili, kizuri na kibaya.

Na je, ndani ya faili kumo nini? Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kanda ya kaseti ililetwa na kampuni ya Philips mwaka wa 1963. Humo sauti imechorwa kwa sumaku juu ya utepe mwembamba. Mwaka wa 1982 kampuni za Philips na Sony zikaleta sidii. Katika sidii hakuna mchoro, bali tarakimu. Sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Ndiyo maana husemwa kuwa ni sauti ya dijitali.

Tatizo ni kwamba nambari hizo ni nyingi mno. Wimbo mmoja wa dakika nne hula takriban megabaiti 42. Katika miaka ile hakuna tarakilishi ya kawaida iliyoweza kubeba nyimbo nyingi za ukubwa huo.

Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, wakatafuta njia ya kupunguza mzigo. Walitumia udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa ikilia, sikio halisikii sauti ndogo iliyo karibu nayo, kama vile usivyosikia mbu akivuma karibu na kinu cha kusaga unga. Basi kwa nini kuihifadhi sauti ambayo haisikiki? Wakaitupa. Faili za namna hiyo zilipewa jina la MP3 mwaka wa 1995.

Kwa kufanya hivyo wimbo ule wa megabaiti 42 huweza kushuka hadi megabaiti nne hivi. Huo ni ufundi mkubwa, na ndio uliowezesha nyimbo mia kadhaa kuingia katika simu yako.

Lakini angalia, msomaji. Kinachotupwa hakirudi. Ukitupa kidogo, sikio halitambui. Ukitupa kingi mno, hata spika ya mamilioni haiwezi kukirudisha.

Jinsi ya kutambua faili nzuri

Kipimo chake huitwa kilobiti kwa sekunde. Sidii hutumia kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. Faili za MP3 huanzia chini sana hadi 320. Hivi ndivyo unavyoweza kuzigawa kwa matumizi ya nyumbani:

Kilobiti 64 au chini yake zafaa mazungumzo ya simu, si muziki wa sebuleni. Kanda ya Magokoro, yenye dakika 90, ilikuwa imebanwa kwa kiwango hicho. Yote ilikuwa megabaiti 43 tu.

Kilobiti 128 zinatosha kwa simu na redio ndogo. Katika mtambo mkubwa utaanza kusikia upungufu, hasa katika makofi, kayamba na matoazi.

Kilobiti 192 hadi 320 ni nzuri. Watu wengi hawawezi kuzitofautisha na sidii.

Kisha kuna faili za FLAC, zilizoanza mwaka wa 2001. Hizi hubanwa bila kutupa chochote, kama nguo zinavyokunjwa vizuri ndani ya sanduku badala ya kukatwa. Aghalabu huwa karibu nusu ya ukubwa wa sidii. Kwa jambo lolote usilotaka kulipoteza, hifadhi kwa FLAC.

Utazijuaje? Katika tarakilishi, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya ufungue maelezo yake. Hata bila hayo, gawanya megabaiti kwa dakika. Wimbo wa MP3 wa dakika nne ukiwa na megabaiti mbili, ujue ni wa kilobiti 64. Ukiwa na megabaiti tisa na ushei, ni wa 320.

Jihadhari pia na udanganyifu. Wako wanaochukua wimbo hafifu kutoka mtandaoni na kuubadilisha uwe faili ya 320. Ukubwa wa faili huongezeka, lakini sauti haiwi bora hata chembe. Ni sawa na kuongeza maji katika uji na kudai kuwa umeongeza unga.

Njia nne za kuunganisha

Turudi kwenye mtambo wako uliofunikwa kitambaa. Ondoa kitambaa hicho, pangusa vumbi, ugeuze mgongo wa mtambo ukutazame. Utaona matundu mawili mawili ya duara, jekundu na jeupe, au pengine jekundu na jeusi. Jekundu ni la upande wa kulia, na jingine ni la kushoto. Tafuta yaliyoandikwa AUX, CD, LINE IN au TAPE IN. Yoyote kati ya hayo yafaa.

Usichomeke kamwe katika tundu lililoandikwa PHONO. Hilo ni la sindano ya santuri, ambayo hutoa umeme hafifu sana, na kwa hiyo mtambo huukuza mara nyingi zaidi. Ukichomeka simu hapo utapata kelele mbaya na kuzitia spika hatarini.

Njia ya kwanza ni waya. Huuzwa katika maduka ya vifaa vya redio. Upande mmoja una ncha moja kama ya vifaa vya kusikilizia masikioni, na upande wa pili una ncha mbili, nyekundu na nyeupe. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu la duara. Ikiwa yako ni hivyo, utahitaji kiunganishi kidogo cha kuchomekwa panapoingia chaja. Weka sauti ya simu karibu na juu kabisa, lakini ile ya mtambo ianze chini, kisha uipandishe polepole. Ukifanya kinyume chake utakuza mvumo kuliko wimbo.

Njia ya pili ni mashine ya DVD au king'amuzi. Wakenya wengi walinunua ving'amuzi wakati matangazo ya televisheni ya analogi yalipozimwa mwaka wa 2015. Vingi vina tundu la flashi na huweza kucheza MP3. Mashine nyingi za DVD ni vivyo hivyo. Chukua waya mwekundu na mweupe unaoingia katika televisheni, uupeleke kwenye AUX ya mtambo. Umekwisha. Huenda usitumie hata senti moja.

Njia ya tatu ni kipokezi cha Bluetooth. Hiki ni kijidude kidogo kinachochomekwa katika AUX, nawe ukabaki na simu mkononi ukiwa umeketi. Raha yake ni kukosa waya. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida sauti hubanwa tena njiani, na ukitoka nje ya nyumba na simu yako muziki unakatika. Kwa wageni na sherehe chafaa. Kwa kusikiliza kwa makini, waya hushinda.

Njia ya nne ni tarakilishi. Ile ya zamani ambayo watoto wameikataa yaweza kuwa ghala la nyimbo. Wenye uwezo hununua pia kigeuzi cha nje, kifaa kinachozigeuza zile nambari kuwa umeme wa sauti. Kila simu na kila tarakilishi ina kigeuzi ndani yake, ila vingine ni vya hali ya chini na huleta mvumo. Lakini usikimbilie kukinunua kabla hujatengeneza faili zako. Kigeuzi bora hakiponyi faili mbovu.

Mambo madogo yanayokera

Huenda ukachomeka flashi na mtambo ukasema haioni kitu. Mara nyingi sababu ni mpangilio wa flashi. Mitambo mingi ya bei nafuu husoma mpangilio uitwao FAT32 pekee. Tarakilishi yaweza kuipanga upya, lakini kumbuka kuwa kufanya hivyo hufuta kila kitu kilichomo. Nakili nyimbo mahali pengine kwanza.

Huenda pia nyimbo zikachezwa kwa mpangilio wa ajabu, wa ubatizo ukifuatwa na wa ulevi. Anza jina la kila faili kwa nambari, 01, 02, 03, na kila aina iwe katika folda yake. Mgeni wa kanisani hatashtuka tena.

Mtambo ukivuma mfululizo hata bila wimbo, jaribu kuondoa chaja ya simu au ya tarakilishi. Mara nyingi mvumo hutokea huko. Spika moja ikinyamaza, badilisha ncha nyekundu na nyeupe. Ukimya ukihamia upande wa pili, tatizo ni waya au simu. Usipohama, mwite fundi wa redio.

Na kwa wakazi wa nyanda hizi za Gusii, ambako mvua ya alasiri huja na radi, kuna onyo jingine. Wingu likitanda, zima mtambo na uchomoe waya wa umeme na wa antena. Kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi. Umeme unapopotea, chomoa pia, kwa sababu hurudi kwa kishindo.

Kuokoa kanda za zamani

Baada ya aibu ile ya Desemba nilirudi Nairobi nikiwa na kitu kimoja cha kushukuru. Sikuwa nimeitupa kanda. Ilikuwa ingali katika droo, ndani ya kasha lake, mwandiko wa Tata juu yake.

Safari hii sikumpa mtu. Nilisoma, nikauliza mafundi, kisha wakati wa Pasaka nikarudi Birongo nikaifanya kazi hiyo kwa mtambo wenyewe wa Tata. Nakupa hatua nilizofuata.

Kwanza, kagua utepe. Ukiona ukungu mweupe, usiucheze. Ukungu huo huambukiza kanda nyingine na kuchafua mashine. Mpelekee mtu mwenye ujuzi.

Pili, safisha kile kichuma kinachogusa utepe, pamoja na kigurudumu cha mpira kilicho kando yake. Tumia pamba na spiriti, kisha ungoje ikauke. Pamba yangu ilitoka nyeusi kama masizi. Ikiwa mashine inakokota na kubadilisha mwendo, yamkini ukanda wa mpira ulio ndani umelegea. Fundi wa redio huubadilisha.

Tatu, peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe, bila kuicheza. Utepe uliokaa miaka mingi hushikana, na zoezi hilo huulegeza.

Nne, toa waya kutoka matundu ya LINE OUT ya mashine ya kanda hadi kwenye tarakilishi. Tarakilishi nyingi za kupakata zina tundu la maikrofoni tu, ambalo halifai kazi hii. Nunua kiunganishi kidogo cha sauti cha kuchomeka panapoingia flashi, chenye tundu la LINE IN.

Tano, tumia programu ya kunasia. Mimi nilitumia Audacity, ambayo hutolewa bure. Chagua vipimo 44,100 kwa sekunde kama sidii. Jaribu kwanza sehemu yenye sauti kubwa zaidi, uhakikishe kuwa mshale haufiki katika rangi nyekundu. Sauti ikigonga dari imeharibika na hairekebishiki.

Sita, iache kanda icheze hadi mwisho bila kuguswa. Kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90. Hakuna njia ya mkato. Anayekuahidi kumaliza kwa dakika kumi, uliza anafanyaje.

Faili niliyopata ilikuwa karibu megabaiti 950. Nikaihifadhi kwa FLAC. Kisha nikatoa nakala ya MP3 kwa ajili ya simu za jamaa. Sheria ni hiyo: kutoka kubwa unaweza kutengeneza ndogo wakati wowote, lakini kutoka ndogo huwezi kurudi kwenye kubwa.

Mvua ya mwaka wa 1996

Jioni hiyo Tata aliketi katika kiti chake. Nikafungulia.

Sauti ya kwanza haikuwa ya Magokoro. Ilikuwa mvua juu ya mabati. Katika faili ile ya kibanda mvua hiyo ilikuwa imegeuzwa kuwa mchirizo ule wa bomba, kwa maana mvua ni maelfu ya sauti ndogo, na sauti ndogo ndizo hutupwa kwanza. Kisha jogoo akawika kwa mbali. Kisha mtu akakohoa, na Tata akasema pole pole, "Huyo ni mzee." Babu yangu hakujua kuwa naye alikuwa akinaswa.

Ndipo Magokoro akaanza. Safari hii hakuwa ndani ya mtungi. Alikuwa sebuleni. Alipofika mahali pa kuitikia, tuliitikia, sisi watu wazima tulioketi pale, pamoja na sisi watoto tuliokuwa ndani ya kanda. Tata alitoa leso akapangusa miwani, ingawa haikuwa na vumbi.

Mtambo ni ule ule wa 1994. Spika ni zile zile. Kilichobadilika ni faili peke yake.

Usihifadhi mahali pamoja

Msomaji, usidhani kazi imekwisha ukishaweka sauti katika flashi. Flashi hufa bila kuugua. Leo inafanya kazi, kesho haisomeki. Nyingine huingia virusi pale unapoichomeka katika tarakilishi ya watu wengi. Simu nayo huibwa au huanguka majini.

Weka nakala tatu. Mbili ziwe katika vifaa tofauti, na ya tatu ikae mbali na nyumba hiyo, ili moto au mwizi asichukue zote pamoja. Sisi ya tatu tuliwatumia binamu zetu walioko jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Wagusii ni wengi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, ili faili ifike kama ilivyo. Na kila baada ya mwaka mmoja, zifungue uone kama zinacheza.

Andika pia majina. Ni nani anazungumza, wapi, mwaka gani, wimbo gani. Faili iitwayo "AUDIO 0047" haitamwambia mjukuu wako chochote. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la mwisho ni kuhusu nyimbo za wasanii. Kanda ya nyanyako ni mali ya familia yenu, inakilini mpendavyo. Lakini nyimbo za kuuzwa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Nyimbo mia moja za kibandani hazimpi mwimbaji hata ndururu. Zinunue kwake, au uzisikilize kupitia huduma za mtandaoni zinazomlipa. Isitoshe, zile za kibandani mara nyingi ndizo zilizobanwa kupita kiasi.

Basi Jumapili hii, kabla ya chakula cha mchana, ondoa kile kitambaa cheupe. Fungua droo uone kanda zilizobaki. Ikiwa mzee au ajuza wako yu hai, hata kanda huhitaji. Mketishe mahali patulivu, uweke simu karibu naye, unase sauti yake, kisha umchezee kupitia mtambo wake mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao.